ALISEMWA ALIHARIBU PICHA YA HARUSI MOLLO, MIAKA 27 BAADAYE MKANDA UKAMTETEA!

Wadau, hii si stori ya staa kugombana na meneja wake. Hii ni ya binti mmoja wa Dar, bibi yake na mzee mmoja mpiga picha wa kijijini. Majina yanabaki huko huko kwao. Ila kama una picha ya zamani nyumbani ambayo mtu kwenye hiyo picha anaonekana kama kivuli, soma mpaka mwisho, usikimbie.

Binti ana miaka 25. Anaishi Sinza, kazi yake ni kuhariri picha za harusi na sendoff kwenye kampuni moja ya matukio. Kwao ni Mollo, nje kidogo ya mji wa Sumbawanga, kule Ufipa. Watu wengi wakisikia Mollo wanakumbuka gereza. Yeye akisikia Mollo anakumbuka bibi yake, maharage, na baridi ya mwezi wa sita ambayo ukinawa uso asubuhi unasahau hata jina lako.

Mama yake alifariki 2001, binti akiwa na miaka mitatu. Hakumbuki sauti, hakumbuki sura. Alichonacho ni picha moja tu ya harusi, Julai 1996, mama amesimama nje ya kanisa na gauni lake. Shida ni kwamba kwenye hiyo picha kuna gauni, kuna maua, kuna ukuta wa chokaa, lakini SURA HAKUNA. Giza tupu. Meno kidogo na macho mawili kwa mbali. Binti amekua akiangalia gauni lisilo na mtu ndani yake.

Na nyumbani kwa bibi kuna jibu moja tu kuhusu hiyo picha: "Yule mpiga picha alituharibia."

Basi bwana, ugomvi ulikuwa mkubwa. Picha zilipotoka kusafishwa, ukoo ulikataa kulipa salio, shilingi elfu sita. Mpiga picha naye akakataa kutoa negativu. Habari ikasambaa kijijini kwamba jamaa hajui kazi, anapiga watu wanakuwa mkaa. Harusi zilizofuata watu wakaita mpiga picha wa mjini. Mwaka haukuisha, mzee (wakati huo hakuwa mzee) akaiweka kamera kabatini, akarudi kwenye shamba na kutengeneza redio za watu. Tangu hapo yeye na bibi wakikutana njiani ni salamu ya nusu mdomo tu.

KAMERA ILIYOMPELEKA KWA ADUI

Sasa Juni 2023 binti anaenda likizo Mollo. Si unajua vijana wa Dar sa hivi wamerudia kamera za mkanda? Na yeye alikuwa nayo, Yashica FX-3 ya mtumba, na mkanda mmoja wa Kodak Gold 200, picha 36. Alilenga kitu kimoja: ampige bibi picha nzuri, kwa sababu bibi ana miaka 78 na picha zake zote ni za vitambulisho. Yaani hakutaka yaliyotokea kwa mama yatokee tena.

Siku ya pili tu, kipimo cha mwanga ndani ya kamera kikafa. Ukichungulia, vitaa vyake haviwaki. Binti akazunguka, akauliza, kila mtu anamtajia mtu mmoja. Yule yule.

Bibi aliposikia alisema, "Nenda, lakini mimi hukuniaga."

Mzee alikuwa nje ya nyumba yake anakoroga gundi ya kiatu. Binti akapiga goti kidogo. "Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Umeleta redio?"

Akatoa kamera. Mzee akafuta mikono kwenye suruali, akaichukua kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Akafungua kifuniko cha chini, akatoa betri mbili ndogo za saa. Zimekufa. Akacheka. "Hii haihitaji betri kupiga. Betri ni za kupimia tu. Shata yake ni ya springi. Wewe ndo unaumwa, kamera nzima."

Wakaanza kuongea picha. Binti akajieleza kwamba anahariri picha Dar, kwa hiyo hata zikitoka mbaya atazirekebisha kwenye kompyuta. Mzee akatikisa kichwa.

"Mjukuu wangu, kisichoingia hakitoki."

Hapo ndo akapewa darasa ambalo hakuna video iliyowahi kumpa. Kwenye kamera za kidijitali na simu, ukizidisha mwanga, sehemu nyeupe zinaungua, zinapotea moja kwa moja, kwa hiyo watu wamezoea kubana mwanga. Mkanda wa negativu ya rangi ni kinyume chake. Unavumilia sana kuzidishiwa mwanga, hauvumilii kupunjwa. Ukiupa mwanga mdogo, sehemu za giza zinabaki tupu kwenye negativu. Ukijaribu kuzivuta baadaye unapata chengachenga na rangi ya matope.

"Huu mkanda unapenda kushiba," mzee alisema. "Ukiulaza njaa, unakulipa chenga."

Kwa hiyo hata kama boksi limeandikwa 200, yeye anaweka kipimo cha ASA kwenye 100. Hiyo ni stopu moja zaidi, yaani mwanga mara mbili ya ule kiwanda kilichosema. Na hapimi mwanga kwa kuelekeza kamera angani au kwenye nguo nyeupe. Anasogea karibu, anapima SURA ya mtu, anashika namba, anarudi nyuma, anapiga.

Binti akauliza, "Sasa babu, kama unapima sura, mbona..." Akakatisha.

Mzee akamwangalia. "Wewe ni mtoto wa nani?"

Akajibu. Mzee akanyamaza. Akaingia ndani, akakaa huko muda mrefu mpaka binti akadhani ndo mazungumzo yameisha. Akatoka na kopo la biskuti.

KOPO LA BISKUTI

Ndani kulikuwa na vipande vya mkanda, picha sita sita, kila kimoja kwenye kiplastiki chake. Miaka 27. Hakuzitupa. Kama wangelipa lile salio angewapa, na pengine zingekuwa zimeshapotea au kuchezewa na watoto. Deni ndo lililozitunza, na baridi ya Ufipa nayo ikasaidia, maana rangi za negativu huchuja taratibu zaidi pakiwa na ubaridi na ukavu. Lingekuwa kopo la Dar, na lile joto letu la jasho, ukungu ungeshakula.

Mzee akainua kipande kimoja juani. "Hii. Angalia sura."

Kwa asiyejua, negativu ni kila kitu kinyume. Nyeupe inakuwa nyeusi, nyeusi inakuwa angavu, na juu yake kuna rangi ya chungwa imetanda kote. Hiyo rangi ya chungwa si uchafu wala uzee, imewekwa kiwandani makusudi ili kusahihisha kasoro za rangi wakati wa kuchapa. Gauni la mama lilikuwa jeusi tii. Lakini kwenye sura, binti aliyezoea kuangalia picha kwa ajili ya hela aliona kitu. Kulikuwa na mistari. Shavu. Kidevu. Kitu kilikuwepo.

"Nilimpimia sura," mzee akasema. "Sikupima gauni. Nilijua gauni na ukuta vitanidanganya."

Sasa kama sura ilikuwepo, ilipotelea wapi? Mzee aliupeleka mkanda kusafishwa kwenye maabara ya mji mwingine, kwa basi, kama wapiga picha wengi wa wakati ule. Kule picha zilichapwa kwa mashine. Mashine inapitisha mwanga kwenye negativu kwenda kwenye karatasi, na inadhani kila picha ina wastani ule ule wa weupe na weusi. Ikaona negativu nzito, gauni jeupe juu ya ukuta wa chokaa, ikasema hii nzito, ngoja niongeze mwanga. Na karatasi ya picha ikipewa mwanga mwingi inazidi kuwa nyeusi. Gauni likawa kijivu. Sura ikazama.

Fundi anayekaa kwenye mashine alitakiwa aone na abonyeze kitufe cha kupunguza. Hakubonyeza. Kwa kitufe kimoja mtu mwingine kabisa akapoteza kazi.

Na hii haikuwa Mollo peke yake. Kwa miaka mingi maabara za dunia zilikuwa zinapanga rangi za mashine zao kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, ikiitwa kadi ya Shirley. Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine imekaa sawa. Ngozi zetu zitajijua zenyewe. Mwongozaji filamu Mfaransa, Jean-Luc Godard, alipokuwa Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1970 alikataa kutumia filamu za Kodak akisema ni za kibaguzi kwa watu weusi. Mikanda yenyewe iliboreshwa sana baadaye, hasa kuanzia miaka ya 1980 na 1990. Lakini mkanda mzuri ukikutana na fundi asiyeangalia, bado unatoka mkaa.

KOSA LILE JINGINE

Ila mzee hakujifanya malaika. Akatoa kipande kingine, picha ya ndani ya kanisa, mama anavishwa pete. Akakiinua juani. Kilikuwa cheupe karibu chote, kama plastiki ya chungwa tu.

"Hii ni yangu," akasema. "Betri za flashi zilikuwa zimechoka. Nilijua zimechoka. Nilitegemea Mungu."

Binti akauliza kama kompyuta inaweza kuitoa. Mzee akamrudishia sentensi ile ile. Kisichoingia hakitoki.

Binti alikaa kimya, akijua kabisa kwamba ile picha ya pete haitakuwepo. Hakuna programu, hakuna pesa. Kuna picha moja ya kuokoa na moja ya kuacha.

BIBI MBELE YA KAMERA

Kesho yake mzee akampa maelekezo ya kumpiga bibi, maana yeye mwenyewe asingeweza kwenda pale. Usimpige saa sita mchana. Ufipa ni juu sana, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, jua la mchana ni kali na linachimba mashimo ya macho. Subiri saa kumi, au mweke kivulini mwa mti, uso wake ukiangalia uwazi. Futa lenzi. Spidi isishuke chini ya 125, mikono yako ya Dar inatetemeka na baridi. Tundu la lenzi liwe kwenye 5.6 au 8, hapo ndo lenzi nyingi zinachora vizuri. Weka mkanda ukiwa kivulini, na usiuache kwenye begi juani.

Alinunua betri mjini Sumbawanga, akarudi na bodaboda. Bibi akavaa kitenge chake cha Krismasi, akakaa kwenye kigoda chini ya mkaratusi. Binti akapima uso, akapiga. Lakini ubishi wa kijana hauishi. Usiku akapiga picha nne ndani, bibi anaota moto jikoni, akisema mkanda utavumilia tu.

DAR, NDOO YA MAJI NA KIPIMAJOTO

Binti alirudi Dar na mkanda wake na kopo la biskuti amelipakata kwenye basi njia nzima.

Mkanda wa bibi ulisafishwa na rafiki yake anayefanya hiyo kazi nyumbani kwa kemikali za C-41. Huu ndo utaratibu wa negativu za rangi dunia nzima tangu Kodak walipouanzisha 1972. Dawa ya kwanza inatakiwa iwe nyuzi 37.8, kwa dakika tatu na sekunde 15. Nyuzi zikiyumba, rangi zinayumba. Kwa hiyo walikaa na ndoo ya maji ya moto, kipimajoto na saa ya simu kama watu wanaopika dawa ya kienyeji.

Negativu za mama ndo zilikuwa mtihani. Mara ya kwanza alifanya uvivu: akaweka negativu juu ya kioo cha laptop, akapiga na simu. Ikatoka na vidoti vya kioo, rangi kama juisi iliyochacha. Akakaribia kulia.

Mara ya pili akafanya kiutu uzima. Kazini aliazima kamera ya kidijitali na lenzi ya kupigia vitu vya karibu. Akanunua taa bapa ya LED yenye mwanga mweupe safi. Akapuliza vumbi kwa kipulizio cha mpira, hakupangusa kwa khanga wala kidole, akashika ukingoni tu. Akabana negativu ilale bapa isijikunje, akazima taa za chumba, akaziba na karatasi nyeusi sehemu zote za ile taa isipokuwa picha yenyewe, kamera juu ya stendi, shata kwa taima ili mkono usitikise. Akapiga faili ghafi, siyo JPEG.

Halafu kwenye kompyuta, akaanza na ule ukingo mtupu katikati ya picha na picha. Pale hapajapigwa kitu, ni rangi ya chungwa peke yake. Akaiambia programu hiyo ndo nyeupe yangu, rangi ya chungwa ikaondoka. Akageuza. Akarekebisha nyekundu, kijani na bluu moja moja. Kisha, na hapa ndo penyewe, hakuiachia programu ipange mwanga yenyewe, kwa sababu ingefanya kosa lile lile la mashine ya 1996. Alipanga mwanga kwa kuangalia sura. Gauni likaja lenyewe.

Saa nane usiku, Sinza, muziki wa baa unapiga nje, mama akatokea.

Ana mwanya. Binti hakuwahi kuambiwa kama mama yake alikuwa na mwanya. Ana kovu dogo juu ya jicho la kushoto. Na hacheki kama watu wanavyocheka kwenye harusi, amebana midomo kidogo kama mtu aliyeambiwa asicheke na anashindwa. Binti naye hubana midomo hivyo hivyo, kila mtu kazini humtania.

Hakulala.

DESEMBA

Alirudi Mollo Desemba, mvua imeshaanza, Ufipa nzima kijani. Alichapisha picha mbili kubwa. Moja ya mama. Moja ya bibi chini ya mkaratusi, ngozi inaonekana kila mkunjo, kitenge rangi zake zote, hakuna chenga hata moja. Zile nne za jikoni? Matope. Hakuzileta hata kuonyesha.

Bibi alishika picha ya mama kwa mikono miwili. Hakulia. Aliuliza tu, "Hii umeitoa wapi?"

"Ni ile ile bibi. Negativu ile ile. Haikuharibika kwa babu. Iliharibika kwenye kuchapa."

Bibi akanyamaza muda mrefu. Akauliza kama ana uhakika. Binti akamwonyesha zote mbili, ya zamani na mpya, akamwonyesha ua lile lile, mkunjo ule ule wa gauni.

Jioni bibi akajifunga khanga, akachukua jogoo mmoja, akaenda. Binti nyuma yake.

Mzee alisimama alipowaona. "Karibu dada."

"Mdogo wangu," bibi akasema, kisha maneno yakamgomea. Akafungua fundo la khanga, akatoa noti. Elfu sita. "Salio lako."

Mzee akazitazama zile hela. "Dada, elfu sita ya mwaka 96 si elfu sita ya leo."

"Ndo maana kuna jogoo."

Wakacheka wote wawili, ile ya wazee inayoishia kwenye kikohozi. Lakini mzee alipoishika picha aliacha kucheka. Akaipeleka karibu na macho, akaipeleka mbali, akaigeuza. Akamwambia binti, bila kumwangalia, "Mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuamini kwamba sikupima."

Miaka 27 jamani.

KWA WALE WA MKANDA

Kabla hujaingiza mkanda wako unaofuata, beba haya matano kutoka Mollo. Shibisha mkanda, ukiwa na shaka ongeza stopu moja, usipunguze. Pima sura, siyo nguo. Taa ya jikoni na moto si rafiki wa mkanda wa mchana, tumia flashi yenye betri nzima au toka nje. Ukisafisha na kuskani, kataa kazi ya haraka, muulize fundi kama ameangalia uso. Na NEGATIVU USITUPE, hata kama picha ilitoka mbaya. Picha ya karatasi ni maoni ya mtu mmoja siku moja. Negativu ndo shahidi.

Kuna kopo kabatini kwenu? Liangalie leo. Halafu rudi hapa chini utuambie umemkuta nani.